Baiskeli ya Shule na Namba Yake

Natumaini redio inasikika vizuri, na aliye nyuma amesogea mbele. Leo kila mmoja awe na daftari na kalamu, maana kabla somo halijakwisha nitawaomba mwandike jambo fupi. Somo letu ni juu ya baiskeli. Sisemi juu ya baiskeli ya kubebea mkaa, wala ya kupelekea maziwa sokoni. Nasema juu ya ile anayopanda mtoto wako kwendea shule.

Tuanze na hesabu. Tuseme shule ya sekondari ya kata iko kilomita 8 kutoka nyumbani kwako. Mtu wa miguu, kwa mwendo wa kawaida, huenda kama kilomita 5 kwa saa moja. Basi kilomita 8 zitamchukua saa moja na dakika 36. Mwenye baiskeli, hata katika njia ya vumbi, aweza kwenda kilomita 12 kwa saa. Yeye atatumia dakika 40 tu. Toeni wenyewe: tofauti ni dakika 56. Kwenda na kurudi ni saa moja na dakika 52. Zidisheni kwa siku tano za shule, mtapata zaidi ya saa 9 kila juma.

Saa hizo ni nini? Kwa mtoto wa kike ni kitu kikubwa. Shule ikianza saa moja na nusu asubuhi, binti wa miguu huondoka nyumbani kabla ya saa 12, jua halijachomoza, peke yake, katika njia ya mashamba. Jioni hufika amechoka, na kuni na maji vinamngoja. Mwenye baiskeli huondoka watu wakiwa wameamka, na akirudi anabakiwa na mwanga wa kusomea. Katika nchi ya jirani yetu, Zambia, jambo hili limepimwa. Miaka ya 2017 na 2018 watafiti waliwafuata wasichana wa shule waliopewa baiskeli, wakawalinganisha na wenzao wasiopewa. Kuchelewa shule kulipungua kwa asilimia 66, na kukosa shule kwa asilimia 28. Yaani kati ya kila siku 100 ambazo wangalikosa, siku 28 walikuwa darasani.

Kwa hiyo mtu anapoiba baiskeli ya mtoto wa shule haibi chuma na mipira tu. Anamrudisha mtoto yule njiani gizani. Na wazazi wengi, baada ya wizi wa namna hiyo, hawana fedha za kununua nyingine. Mbuzi wamekwisha kuuzwa mara ya kwanza. Mtoto hutembea mwezi mmoja, miwili, kisha huanza kubaki nyumbani siku za mvua, kisha siku za soko, na mwisho mwalimu analiita jina lake asubuhi, hakuna wa kuitika.

Juu ya kuendesha nitasema machache, maana mengi mnayajua. Hapa kwetu Tanzania tunapita kushoto. Breki mbili zifanye kazi, siyo moja, na kengele ilie. Mtoto mdogo asipewe baiskeli ya gurudumu la inchi 28 ambayo hawezi kuikalia. Mmewaona watoto wanaopitisha mguu katikati ya fremu, mwili umepinda upande mmoja kama mti uliopigwa na upepo. Huyo hawezi kusimama upesi gari likitokea. Sketi ndefu na cheni isiyo na kava havipatani. Asipakie wenzake wawili. Hayo yatosha, twende kwa mwizi.

Mwizi wa baiskeli hana haja ya bunduki, wala hangoji usiku wa manane. Anataka dakika moja tu. Dakika ile unayoingia dukani kununua chumvi. Dakika ile mtoto anapoiegemeza baiskeli ukutani ili akanywe maji bombani. Baiskeli ni mali ya ajabu: ng'ombe ukimwiba lazima umswage, naye aweza kukukaidi au kulia, lakini baiskeli humbeba yule yule anayeiiba, tena kwa mbio.

Kwa hiyo sharti la kwanza ni kufuli, na kulitumia kila unaposhuka, hata kwa kitambo kidogo. Lakini makufuli hayalingani. Baiskeli nyingi za kizamani zina kufuli dogo kwenye gurudumu la nyuma, ambalo huzuia gurudumu lisizunguke. Hilo humzuia mtu kuipanda. Halimzuii kuibeba begani au kuitupa juu ya mkokoteni. Kuna nyaya nyembamba zilizovikwa plastiki ya rangi, nazo huuzwa kwa bei rahisi. Mwenye koleo zuri huzikata kama anavyokata waya wa kufungia boma. Ukiweza, nunua mnyororo mnene wa chuma kigumu na kufuli zito. Fedha haitoshi? Basi mnyororo wa kawaida pamoja na lile kufuli la gurudumu ni bora kuliko kimoja peke yake, maana vikiwa viwili mwizi anahitaji muda zaidi, na muda ndio asioutaka.

Namna ya kufunga nayo ina maana. Wapo wanaopitisha mnyororo kwenye gurudumu la mbele tu. Gurudumu la mbele hufunguliwa kwa spana moja. Utarudi ukute gurudumu limefungwa vizuri kabisa kwenye mti, na baiskeli imekwenda. Pitisha mnyororo ndani ya fremu, uzungushe na gurudumu la nyuma, kisha uufunge kwenye kitu kisichong'oka: mti ulio hai, nguzo ya chuma iliyochimbiwa, nondo ya dirisha la ofisi. Angalia nguzo yenyewe isiwe fupi, maana mtu aweza kuinyanyua baiskeli pamoja na mnyororo wake akaipitisha juu. Mnyororo usilegee hata ukagusa chini, kwa sababu ukiwa chini mwizi huuweka juu ya jiwe akaugonga kwa nyundo. Tundu la ufunguo litazame chini, mvua na vumbi visiingie.

Shuleni baiskeli mara nyingi huegeshwa nyuma ya madarasa, mahali ambapo hakuna mtu anayepita. Wakuu huona hapo ni pazuri kwa kuwa uwanja wa mbele unabaki safi. Mimi sikubaliani na jambo hilo hata kidogo. Baiskeli zikae mbele ya macho ya watu: karibu na ofisi ya walimu, au chini ya mwembe unaoonekana kutoka madarasani. Ninyi wazazi mnaohudhuria mikutano ya shule, lisemeni. Banda la nguzo chache na bati, lenye bomba moja refu la chuma la kufungia, mafundi wa kijiji wanaweza kulijenga kwa siku chache. Na kama bomba halijapatikana, watoto wawili wafunge baiskeli zao pamoja, moja ikitazama huku na nyingine kule. Mzigo wa namna hiyo hauendeshiki, wala haubebeki na mtu mmoja.

Shule nyingine zaweza kuiga desturi ya walinzi wa baiskeli masokoni. Mlinzi ana vibati viwili viwili vyenye namba moja. Kimoja hutundikwa kwenye usukani, kingine hupewa mwenyewe. Asiye na kibati hatoki na baiskeli, hata akiwa mtoto wa diwani.

Nyumbani, usiku, ilale ndani. Najua nyumba ni ndogo. Lakini baiskeli iliyolala nje imesimama sokoni tayari.

Kuna upotevu mwingine ambao watu huona haya kuusema, nao ni wa kuazima. Mtu unayemjua, au anayesema anamjua mjomba wako, anakuja na uso wa haraka: "Niazime mara moja, nampeleka mgonjwa zahanati." Wengine husimama njiani wakamwambia mtoto, "Hebu nishuke nayo hapo bondeni nione breki zake." Kwetu kumnyima mtu kitu ni aibu, na mwizi anaijua aibu hiyo kuliko wewe. Mfundishe mtoto neno la kujibu, lisilo na tusi: "Baiskeli hii ni ya baba, mwombe yeye." Awe na jibu hilo kinywani kabla ya siku ya kulihitaji, maana mtoto akiulizwa na mtu mzima bila kujiandaa hutii.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nichague somo hili kwa darasa la kisomo, wala si kwa mafundi. Tuseme mambo yote hayakufaa, baiskeli imeibiwa. Unakwenda polisi. Askari anafungua kitabu, anauliza: "Ni baiskeli gani?" Unasema: "Phoenix nyeusi." Ndugu zangu, Phoenix nyeusi ziko ngapi katika wilaya moja? Askari atakuandikia, atakupa namba ya RB, lakini atatafuta nini? Na hata ikionekana, mwenye kukutwa nayo atasema ni yake, amenunua mnadani. Wewe unasema ni yako. Nani aaminiwe?

Zamani halmashauri nyingi zilitoza kodi ya baiskeli, na mlipaji alipewa kibati chenye namba. Watu waliichukia kodi ile, na sina hamu irudi. Lakini kibati kilikuwa ushahidi. Leo baiskeli nyingi hazina kibati, ila zina namba nyingine ambayo wenyewe hawajapata kuitazama. Geuza baiskeli yako miguu juu. Pale chini ambapo mhimili wa pedeli unapita, mara nyingi utakuta tarakimu zimegongwa katika chuma. Zisipokuwepo hapo, tazama karibu na tandiko, au mbele chini ya usukani. Futa vumbi na grisi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, zitatokea. Hiyo ndiyo namba ya fremu. Rangi hubadilishwa kwa siku moja, tandiko na karia hubadilishwa kwa saa moja. Namba iliyogongwa ni kazi kuiondoa, na ikikwanguliwa, mkwaruzo wake huonekana.

Mwaka 1948 huko Italia ilitolewa filamu ya mwongozaji Vittorio De Sica, iitwayo Ladri di biciclette, yaani Wezi wa Baiskeli. Ni hadithi ya maskini mmoja wa mji wa Rome baada ya vita. Amepata kazi ya kubandika matangazo, kwa sharti awe na baiskeli. Mkewe anatoa mashuka ya kitandani ili kuikomboa baiskeli iliyowekwa rehani. Siku ya kwanza kazini, mume yuko juu ya ngazi, baiskeli imeegemezwa tu, mwizi anairukia na kutoweka. Baadaye bwana yule na mwanawe mdogo wanaitafuta sokoni. Wanamkuta mtu anapaka fremu rangi. Anaomba kuiona namba, mwenye fremu anakataa, askari anaitwa, namba inasomwa. Haikuwa yake, na ubishi ukaisha pale pale. Hadithi ni ya kutungwa, lakini tazameni: yule maskini aliijua namba ya baiskeli yake. Katika darasa lenu leo, wangapi wanaijua?

Namba hiyo iandikwe mahali pawili. Pa kwanza ni daftari la nyumbani, pamoja na risiti ya duka. Pa pili ni karatasi ndogo yenye jina lako na kijiji chako: ikunje, itie katika plastiki, ng'oa tandiko, itumbukize katika bomba la fremu, urudishe tandiko. Mwizi atapaka rangi nje asijue ndani kuna jina la mtu. Wenye simu ya picha, ipigeni baiskeli picha nzima, kisha namba yake peke yake. Lakini simu nayo huibiwa, kwa hiyo daftari lisiachwe.

Ukinunua baiskeli iliyokwisha kutumika, omba risiti. Kama haipo, muandikiane hati mbele ya mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa, na namba ya fremu iwemo. Muuzaji akisema hana nafasi ya kwenda kwa mwenyekiti, na bei yake ni ya kushangaza kwa urahisi, mwache aende zake. Kupokea mali ya wizi huku unajua ni ya wizi ni kosa katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Tena baiskeli hiyo ya bei rahisi ilikuwa ya mtoto fulani.

Haya, shikeni kalamu. Nitasoma polepole, nanyi mwandike, mkiacha nafasi mahali nitakaposema nafasi.

"Baiskeli hii ni mali ya," nafasi, "wa kijiji cha," nafasi. "Aina yake ni," nafasi. "Rangi yake ni," nafasi. "Namba ya fremu ni," nafasi. "Nimeinunua tarehe," nafasi, "kutoka kwa," nafasi. "Alama yake nyingine ni," nafasi. Hapo kwenye alama andikeni kile ambacho jirani hakijui: kovu la kuchomelea, spoki mbili mpya, herufi ulizochonga chini ya karia.

Mwalimu wa darasa, waliokuja kwa baiskeli uwape taa na kitambaa, watoke nje sasa hivi wakasome namba zao, mmoja akitaja na mwenzake akiandika. Wasio na baiskeli hapa wajaze nyumbani na kuleta karatasi Jumatatu. Kwa herini.