Juma na Mwezi katika Kalenda za Kompyuta



Ndugu Waislamu, sifa zote njema ni za Allah (s.w.t.), aliyelijaalia jua na mwezi kuwa vipimo vya kuhesabia nyakati. Mada yetu yaonekana ndogo: namna programu za kalenda katika simu na kompyuta zinavyolionyesha juma na mwezi. Lakini ratiba za darsa, madrasa na futari sasa zimo humo, na baadhi ya vijana wetu wamesomea kuziandika programu hizo. Yatupasa tulitazame jambo hili kwa makini.

Tuanze na juma. Kalenda nyingi huanza juma kwa Jumapili, kama ilivyo desturi ya Marekani, au kwa Jumatatu, kama kinavyoelekeza kiwango cha kimataifa cha ISO 8601. Lugha yetu yenyewe huhesabu kuanzia Jumamosi, siku ya mosi baada ya Ijumaa. Siku za mapumziko nazo hubadilika: Saudi Arabia iliziondoa Alhamisi na Ijumaa mwaka 2013 ikaweka Ijumaa na Jumamosi, na Falme za Kiarabu zikahamia Jumamosi na Jumapili mwaka 2022. Mwandishi wa programu aliyeifunga siku moja ndani ya mahesabu yake hulazimika kuibomoa kazi yake kila desturi inapobadilika. Hapana budi siku ya kuanzia juma iwe ni chaguo la mtumiaji.

Amma mwezi, huchorwa kwa mistari yenye visanduku saba. Je, mistari hiyo ni mingapi? Februari ya 2026 hujaza mistari minne kamili juma likianza Jumapili. Likianza Jumatatu, huhitaji mitano. Mwezi wa siku 31 ukiangukia mwisho wa mstari huhitaji sita. Mwezi wa Hijria, wenye siku 29 au 30, hauwi chini ya mitano. Basi anayechora mistari mitano daima, ipo siku ataificha tarehe ya mwisho, na aliyepanga kikao siku hiyo hatakiona.

Tazameni pia itikafu ya kumi la mwisho la Ramadhani. Ni siku tisa au kumi, hivyo haiwezi kuenea katika mstari mmoja. Programu nzuri huikata katika mchoro tu, lakini hubakia kuwa ni jambo moja. Ukilirekebisha mahali pamoja, limerekebishika lote.

Hapa ndipo penye uzito. Programu nyingi hufuata hesabu zilizokwisha pangwa, kama kalenda ya Umm al-Qura ya Saudi Arabia, ilhali jamaa nyingi hungoja mwandamo. Ikiwa itikafu imehifadhiwa kwa tarehe ya Miladia, na mwezi ukaandama siku moja baadaye, ratiba nzima imepotoka, na kila tukio litahitaji kusahihishwa kwa mkono. Ikihifadhiwa kuwa ni mwezi 21 Ramadhani, inatosha kurekebisha siku ya mwezi mosi, na mengine yote yatafuata. Isitoshe, siku ya Kiislamu huanza magharibi, si usiku wa manane. Usiku wa mwezi 21 huangukia jioni ambayo kalenda ya Miladia bado yaiita jana yake.

Wala programu isijifanye kadhi. Waislamu wapo wanaofuata mwandamo wa nchi yao, na wapo wanaofuata mwandamo wa popote. Kazi ya programu ni kuupa kila msikiti nafasi ya kuweka tarehe uliyoikubali.

Kwa hiyo tunawausia vijana wetu: itengeni siku yenyewe na sura inayoonyeshwa. Siku ihifadhiwe mara moja, nayo ionekane kwa juma au kwa mwezi, kwa Hijria au kwa Miladia. Nanyi wajumbe wa kamati, kabla ya kutangaza ratiba iliyotoka katika kompyuta, ulizeni kwanza: mwezi mosi wake umewekwa na nani?

Wabillahi tawfiq.