Mwezi, Omena na Madai ya Mbiti



Historia ya saa nitaipita mbio. Reli ilifika Kisumu Desemba 1901 na ratiba yake, na mwanahistoria E. P. Thompson alishaeleza mwaka 1967 jinsi viwanda vya Uingereza vilivyomfunza mfanyakazi kutii saa. Kinachonikera ni dai la mwanatheolojia John Mbiti, katika kitabu chake cha 1969, kwamba Mwafrika wa jadi karibu hana wakati ujao, na kwamba kesho yake haivuki miaka miwili.

Namheshimu marehemu. Lakini ushahidi aliouegemea ni vitenzi vya Kikamba na Kigikuyu. Tangu lini ratiba ya mtu ikasomwa kwenye sarufi?

Mimi naisoma ziwani. Omena, dagaa wa Ziwa Victoria, huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Zamani karabai, siku hizi za betri. Mbalamwezi ikitanda, taa haivuti kitu, basi mvuvi hushona nyavu na kuhudhuria matanga. Mashua zikirudi alfajiri, akina mama wameshafika na makarai. Omena hutandazwa juu ya nyavu kuukuu, hugeuzwa jua likipanda, huanuliwa kabla ya mvua ya alasiri. Wakilowa, bei yao ni ya chakula cha kuku.

Kule Usenge, kando ya ziwa, nilimwomba mama mmoja mahojiano saa nne asubuhi. Akanitazama kwa huruma: “Mwalimu, saa nne nageuza omena. Njoo mwezi ukijaa.” Nilikwenda mwezi ulipojaa, nikakuta chai mezani.

Mniwie radhi, mwanaanthropolojia Evans-Pritchard ni kipenzi changu. Mwaka 1940 aliandika kuwa saa ya Wanuer, ndugu za Wajaluo, ni ng'ombe: kuwatoa zizini, kukama, kuwapeleka malishoni, kuwarudisha. Hakuna ukurasa niliousoma mara nyingi kama ule. Ila alidhani watu hao hawakimbizani na wakati. Angeona wingu la mvua juu ya omena!

Watetezi wa Mbiti watasema mwezi hujirudia tu, na kujirudia si kupanga. Hoja hiyo ina uzito. Lakini kila mwaka, Aprili hadi Julai, Kenya hufunga uvuvi wa omena, na mchuuzi asiyeweka akiba tangu Januari atalala njaa. Mtasema hiyo ni sheria ya serikali, si jadi. Haya, twendeni kwenye dala, yaani boma la Mjaluo. Mjaluo anapoanzisha boma lake, nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, hujengwa mkabala na lango, nafasi ya nyachira, mke wa pili, ikijulikana hata kama hajaolewa, na upande wa lango kuna mahali pa simba, vibanda vya wana ambao hawajazaliwa. Hiyo ni miaka ishirini, pengine thelathini, imechorwa ardhini. Mbiti aliipa kesho yetu miaka miwili tu.

Kwa hiyo nyinyi maofisa mnaoitisha mikutano ya bichi saa nne asubuhi, kisha mkalalamika kwamba akina mama hawaji, ulizeni kwanza mwezi uko wapi.