Maradhi ya Mahepe katika Kuku wa Nyumbani

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano wa Mwaka wa Wanachama



Halmashauri imenitaka niseme machache juu ya kuku. Huenda wengine wakaona kwamba neno hili ni dogo kwa mkutano wa mwaka, ambapo tumezoea kusikia habari za mazishi, karo za watoto na hesabu za mfuko. Lakini Mweka Hazina akisoma michango, sote twajua kwamba sehemu yake ilitoka tunduni. Mzazi akiitwa shuleni ghafula hauzi mbuzi. Huuza kuku wawili, na mambo yakaisha siku ile ile.

Mimi ni karani, wala si daktari wa mifugo. Niliyo nayo ni yale niliyoyasoma na kuyauliza kwa wenye kujua, nami nimeyapanga kwa lugha yetu ili yatufae.

Maradhi yenyewe huitwa mahepe katika vitabu vya ufugaji. Wazungu huyaita kwa jina la József Marek, daktari wa wanyama wa Budapest, katika nchi ya Hungaria, ambaye mwaka wa 1907 aliandika habari za majogoo wanne waliopooza miguu na mabawa. Miaka 60 ikapita kabla ya sababu kujulikana: mwaka wa 1967 wataalamu wa Uingereza walithibitisha kwamba ni virusi.

Kwetu pwani, kuku wakifa, ulimi hukimbilia kideri, na si ajabu. Kideri ni adui wa zamani. Kilionekana Kenya mwaka wa 1935, karibu na Mombasa, na hadi leo ndicho kinachofagia vijiji. Lakini kideri na mahepe havifanani, na mwenye kuvichanganya hupoteza fedha. Kideri huja kama moto wa makuti: wakubwa kwa wadogo, kinyesi cha kijani, shingo kupinda, na kwa siku chache tundu ni tupu. Mahepe ni mwizi wa pole pole. Huwachukua zaidi kuku wa miezi mitatu hadi sita, yaani tembe walio karibu kuanza kutaga na pora walio karibu kuuzwa. Leo mmoja, wiki ijayo mwingine. Utamwona ameanguka, mguu mmoja umenyoka mbele na mwingine nyuma, bawa limelegea. Naye angali ana hamu ya kula, ila hawezi kukifikia chakula. Wengine jicho hugeuka kijivu na mboni ikapoteza umviringo wake. Wengine hawaonyeshi kilema chochote, hukonda tu, na wakipasuliwa ini na wengu huonekana vimevimba na vina uvimbe mweupe. Daktari ataitazama pia mishipa ya fahamu ya mapaja. Aghalabu mmoja huwa mnene kuliko mwenziwe.

Dawa ya kumponya kuku huyo hakuna. Nasema hivi waziwazi kwa sababu madukani hatukosi mtu wa kutuuzia pakiti ya unga wa kuchanganya na maji. Aliyepooza kwa mahepe atatumia pakiti tatu, kisha afe. Virusi hivi havimdhuru mwanadamu, lakini maadamu hujui kuku amekufa kwa maradhi gani, usimle wala usimuuze. Mchome au mfukie chini sana.

Hapa nina neno kwa wazee, nalo si jepesi. Kuku wa nyumba moja wakipooza mmoja mmoja, na wa jirani wakawa wazima, maneno huanza. Atatajwa bibi fulani aliyepita uani, au mzee aliyeomba kuku akanyimwa. Katika Kilifi yetu wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi; hakuna aliye humu asiyelijua hilo. Basi ieleweke kwamba kuku anayeanguka leo aliambukizwa wiki nyingi zilizopita, pengine angali kifaranga, kabla huyo anayeshukiwa hajapita uani kwako. Tena watoto wa koo mmoja huweza kufa na wa koo mwingine wakapona katika uwanja ule ule, kwa kuwa nguvu ya kuyahimili maradhi haya hurithiwa kwa damu. Kijana akija kwenu na shutuma za namna hii, mwambieni ampeleke kuku kwa daktari wa mifugo apasuliwe.

Sasa, virusi hukaa wapi? Hukaa katika vumbi la manyoya. Hutoka kwenye vitundu ambamo manyoya huota, hupukutika pamoja na ngozi iliyokauka, na kifaranga huvuta vumbi hilo kwa pumzi. Ndani ya tundu vumbi hilo laweza kubaki na nguvu miezi mingi, hata mwaka mzima. Kwa bahati njema virusi hivi havipiti katika yai. Kwa hiyo kifaranga hutoka ganda lake akiwa safi, naye huchafuliwa na dunia anayoikuta, na dunia ya kwanza anayoikuta kwetu ni mbawa za mama yake.

Jambo hili ndilo lililonifanya nikubali kusimama hapa. Chanjo iko, na imetumika duniani tangu miaka ya 1970; moja yake hutokana na virusi vya bata mzinga. Hudungwa chini ya ngozi ya shingo, siku ile ile kifaranga anapototolewa, nayo huhitaji wiki moja au mbili ndipo ikomae mwilini. Akirudishwa chini ya mbawa za koo mchana ule, vumbi litamwahi. Hapana budi atengwe, katika boksi au kibanda kisichowahi kukaliwa na kuku, mbali na wakubwa, apewe joto la taa au jiko. Jiko la makaa liwe penye hewa, maana moshi wake huweza kuwaua vifaranga. Mwenye kuwahudumia aanze kwao asubuhi, ndipo aende kwa wakubwa, wala asirudi nyuma. Tundu la zamani la fito na makuti halioshiki; nafuu kulichoma na kujenga jingine.

Wengi wetu siku hizi hununua tembe waliokwisha kuchanjwa. Wamechanjwa, ndiyo, lakini chanjo hii huzuia uvimbe na kupooza, haizuii virusi kuingia wala kutoka. Tembe mzuri kabisa, mwenye kutaga kila siku, aweza kuvipukutisha virusi uani pako na kuwaua vifaranga wako wa kienyeji ambao hawakuchanjwa. Kuku wa kununua na vifaranga wa nyumbani wasikae uwanja mmoja.

Mtauliza, mbona basi hatuchanji? Kwa sababu chupa moja aghalabu ni ya vifaranga 1,000, na ikishachanganywa na maji yake haidumu ila saa moja au mbili. Mama mwenye vifaranga tisa hawezi kuinunua peke yake, na akiinunua ataimwaga. Kwa mtu mmoja jambo hili haliwezekani. Kwa chama lawezekana. Yai la kuku hutotolewa kwa siku 21. Nyumba 40 zikiatamisha koo siku moja, kila koo mayai 10, ni mayai 400. Hata robo yake ikiwa viza, vifaranga 300 watatotolewa karibu wakati mmoja, na mchanjaji mmoja atawamaliza kwa chupa moja, kwa bei ndogo kila mtu. Koo aliyewahi kuatamia huweza kuzuiliwa siku chache kwa mayai mawili ya viza, kama walivyofanya bibi zetu. Na kideri kisisahauliwe: vifaranga hao hao watahitaji chanjo yake baadaye, kwa matone ya jicho, tena irudiwe kila miezi michache.

Halmashauri imekubali kujaribu mara moja, baada ya masika. Daftari liko kwa Katibu Msaidizi, mezani karibu na mlango. Kila mmoja aandike idadi ya koo alio nao, na kama ana mahali pa kuwatenga vifaranga. Asiye na mahali asiandike kwanza. Wenzetu wa Ganze na Kaloleni watuambie leo ni nani kati yao aliye na jokofu lisilozimika, kwa kuwa chanjo husafiri katika barafu, nasi twahitaji kujua sanduku litateremshwa wapi.