Kivimbe kisichouma, tusikingoje

*Maneno yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanamemba, Kasongo*



Leo naleta neno moja: kidonda cha Buruli, na namna sanduku letu linaweza kukizuia kabla hakijamlemaza mtu.

Wengi hapa mulikaa miaka mingi mbali na Lualaba. Sasa mumerudi, mumefungua tena mashamba karibu na mito na mabwawa. Watoto waliozaliwa ukimbizini hawajui ugonjwa huu, na wazazi wengine wameusahau. Lakini wenyewe haukukimbia vita. Waganga waliuona hapa Kasongo tangu wakati wa Wabelgiji, na utafiti uliotoka mwaka 2009 ulionyesha kama bado uko katika teritware yetu.

Mikrobe yake ni ndugu ya ile ya kifua kikuu na ile ya ukoma. Lakini mgonjwa hamwambukizi mwenzake. Kula naye, lala naye nyumba moja, hakuna shida. Ugonjwa unafuata mahali, zaidi penye maji yanayotembea polepole ao kusimama. Miaka ya 1960, wakimbizi kutoka Rwanda waliwekwa Kinyara, nchini Uganda, karibu na mto Nile. Wakaanza kupata vidonda hivi, na waganga walipochunguza wakaona kama chanzo ni mahali pale, si mtu kumpa mtu. Jina Buruli lenyewe linatoka Uganda. Na mwaka 2008 iliandikwa juu ya wagonjwa waliotoka upande wa machimbo ya almasi ya Lunda Norte, Angola. Mwenye kuhama anakutana na maji asiyoyajua. Mwenye kurudi naye vilevile.

Sasa musikie hapa vizuri. Mikrobe hii inatoa sumu yenye kufanya kazi mbili: inaua nyama na mafuta chini ya ngozi, na inazima maumivu. Mwanzo ni kivimbe kidogo, kigumu, chenye kusogea ukikigusa. Mara ingine ni pahali papana pagumu, ao mguu wote unavimba. Haiume, ao inauma kidogo tu. Watu wanasema: « Haiume, tuache kwanza. » Baadaye ngozi inapasuka, na kidonda kinakula chini ya ngozi kupita kile jicho linaona juu. Wakati huo ndipo utasikia: « Balimuloga. » Wanapaka majani, wanachoma na chuma cha moto, miezi inapita. Kidonda kikipona chenyewe, kovu linavuta: goti halinyooki tena, vidole vinajikunja. Na Afrika, karibu nusu ya wagonjwa ni watoto chini ya miaka 15. Huyo mtoto ndiye alipaswa kushika jembe ao kalamu.

Dawa iko. Zamani ilikuwa paka kukata. Tangu mwaka 2004 OMS ilikubali antibiotike, kwanza pamoja na sindano za streptomisini. Leo ni vidonge tu: rifampisini na klaritromisini, kila siku, wiki 8. Kivimbe kikikamatwa kikiwa kidogo, wengi wanapona bila kisu. Kidonda kikiwa kikubwa, dawa ni ile ile, lakini inaongezeka upasuaji, kubandika ngozi, na mazoezi ya viungo ya miezi mingi.

Mambo mawili yanafanya watu waache vidonge katikati. Rifampisini inageuza mkojo kuwa mwekundu. Si damu, musiogope. Tena, kidonda kinaweza kuonekana kama kinazidi wakati dawa inafanya kazi. Rudia kwa munganga akitazame, lakini usiache dawa.

Basi, sanduku letu. Mpaka leo linasaidia kwenye matanga na kwenye deni la hospitali. Ni vizuri, tuendelee. Lakini kwa ugonjwa huu, pesa ya mwisho inafika na kukuta mkono umeshajikunja. Naomba sheria yetu iongezwe kifungu kimoja: mwanamemba ao mtoto wake akiwa na kivimbe kisichouma na kisichopotea, ao kidonda kisichopona, sanduku limlipie njia ya kufika kituo cha afya mara moja, bila kungoja mkutano. RECO wa kila kijiji aandike jina, na mama mmoja wa kikundi amfuate mgonjwa mpaka amalize wiki zote 8.

Mtu ataniuliza: kila kipele tutalipia pikipiki? Hapana. Kipele kinauma na kinapita. Tunatafuta kile kisichouma na kinachobaki. Na safari kumi za bure ni bei kidogo kuliko mguu mmoja wa mtoto.

Kwenu wafadhili: dawa zenyewe si mzigo mkubwa, maana OMS inazitoa bure kwa programu ya taifa. Mzigo ni njia, bandeji safi, chakula, na mama anayeacha shamba ili akae na mtoto hospitalini. Pale ndipo msaada wenu unakata ugonjwa miguu.

Nyumbani, tuvae suruali ndefu na mikono mirefu shambani, tuoshe kila mukwaruzo na sabuni na kuufunika. Na jioni moja kila juma, mzazi amtazame mtoto miguu, mikono na mgongo, akipapasa na vidole. Kivimbe hakitamwita kwa kilio. Ni yeye atakitafuta.

Naomba mkutano uamue juu ya kifungu hiki leo, mbele hatujatawanyika.