Kamera Inayokesha na Nyoka



Mtunza nyoka akiingia kazini asubuhi humkuta moma amejikunja palepale alipomwacha jana. Je, alitembea usiku? Alikunywa maji? Ama ni mgonjwa? Nyoka halii wala hachechemei. Anaweza kukaa wiki kadhaa bila kula na bado akawa mzima, kwa hivyo ugonjwa hugunduliwa ukiwa umeshakomaa.

Hapo ndipo kamera na tarakilishi zinapofaa. Kamera inayoona gizani hutundikwa juu ya kizimba. Programu hufunzwa kwa picha nyingi ambazo watu wamezitia alama: huyu amejificha, huyu anaota joto, huyu anakunywa. Kisha huhesabu saa usiku na mchana. Mtambaazi hutegemea joto la nje, basi muda anaokaa chini ya taa husema mengi kuhusu afya yake. Tabia ikibadilika ghafla, mtunzaji hupata arifa kwenye simu.

Si kazi nyepesi. Vifaa vya ulinzi vinavyonasa joto la mwili humkosa nyoka, kwa kuwa joto lake hukaribiana na la kizimba chenyewe. Vile vinavyongoja mwendo humsahau akitulia, na kutulia ndiyo desturi yake. Mng'ao wa kioo nao huchanganya picha. Isitoshe, programu iliyofunzwa kwa chatu huenda isimtambue swila.

Mwananchi atauliza: haya yanamhusu nini? Dawa ya kutibu aliyeumwa na nyoka hutengenezwa kwa sumu inayokamuliwa kutoka kwa nyoka wanaofugwa. Mwaka wa 2017 Shirika la Afya Duniani liliorodhesha kuumwa na nyoka miongoni mwa magonjwa yaliyopuuzwa, na hukadiria kwamba watu 81,000 hadi 138,000 hufariki kila mwaka. Nyoka mgonjwa hafai kukamuliwa. Na kila kizimba kinapofunguliwa ili mtu achungulie tu, mkono wa mtunzaji huwa hatarini. Kamera humpunguzia safari hizo.

Kwa anayetamani kufuga nyumbani, kamera si kibali. Sheria ya wanyamapori ya mwaka wa 2013 inamtaka apate leseni kupitia KWS kwanza.

Na arifa ikiingia saa nane za usiku, bado ni mtunzaji atakayeamka, achukue tochi na fimbo yake ya ndoano, akamtazame mnyama kwa macho yake.