ULINZI UNAOANZIA KIBARAZANI

Maneno ya kikundi yaliyosomwa siku ya sherehe ya miaka kumi



Tulipoambiwa tuandae maneno machache juu ya usalama wa taifa, baadhi yetu tulicheka. Tulisema, jamani, hiyo si kazi ya jeshi na polisi? Sisi tunauza vitumbua, mchicha na mkaa. Tuna sanduku lenye kufuli tatu na daftari la hisa. Ugaidi unatuhusu nini? Lakini tulipokaa chini Alhamisi mbili mfululizo kuyajadili, tuliona tunayo mengi ya kusema, na mengine ni ya kutuaibisha. Tumekubaliana tuyaseme yote, hata hayo ya aibu, maana kitabu hiki watakisoma watoto wetu.

Tuanze na Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998. Kesho yake ilikuwa Nane Nane, watu wanajiandaa na sikukuu. Waliokuwa watu wazima miongoni mwetu wanakumbuka. Saa nne na nusu asubuhi hivi ubalozi wa Marekani ulilipuliwa Nairobi, na dakika chache baadaye ule wa hapa Dar es Salaam, pale Oysterbay. Hapa kwetu walikufa watu 11. Nairobi walikufa 213, na majeruhi walizidi 4,000. Wengi wa marehemu hao walikuwa Waafrika, watu wa kwenda kazini na kurudi, kama sisi.

Sasa lililotugusa sisi wa Buguruni ni hili. Bomu la Dar es Salaam halikutoka mbinguni. Kesi zilizosikilizwa New York mwaka 2001 na mwaka 2010 zilieleza kwamba lilitengenezwa katika nyumba ya kupanga, Ilala. Hapo hapo jirani! Mtu unakwenda kwa miguu. Gari lililotumika, Nissan Atlas, lilinunuliwa hapa mjini kwa watu wa kawaida. Mitungi ya gesi ilinunuliwa hapa mjini. Nairobi vile vile, nyumba ilipangwa kule Runda. Ina maana kuna aliyepangisha, kuna aliyeuza, na bila shaka kuna jirani aliyeamkia “habari za asubuhi” akaitikiwa vizuri tu. Hatuwalaumu hata kidogo. Nani kati yetu angejua? Mtu amekuja na fedha, hana kelele, hana wageni wa usiku kucha wala muziki. Mpangaji wa namna hiyo sisi wenyewe tunamwombea dua.

Lakini upo upande mwingine, na huo hausemwi sana. Kule Nairobi mlinzi wa lango la nyuma, mtu wa mshahara mdogo, alikataa kufungua. Walimtisha, hakufungua, na lile gari halikuingia chini ya jengo kama walivyotaka. Hapa Dar es Salaam boza la maji la ubalozi liliziba njia, lile gari likashindwa kupenya ndani. Dereva wa boza alikufa, na walinzi waliokuwa langoni nao walikufa. Ndiyo kusema siku ile, kabla jeshi halijajua lolote, taifa lilikuwa limesimamiwa langoni na wanaume ambao mishahara yao isingetosha kununua hisa tano kwetu.

Na tuongeze la Nairobi, maana ni la kujifunza kwa vitendo. Kabla ya bomu kulisikika mlipuko mdogo na risasi pale langoni. Watu maofisini wakakimbilia madirishani kuchungulia kuna nini. Bomu lilipolipuka, vioo viliwaingia usoni, wengi wakapoteza macho. Akina mama wenzetu, sisi kwa kuchungulia hatujambo! Basi tuwafundishe watoto: ukisikia kishindo, usiende dirishani. Lala chini, kaa mbali na vioo.

Jengo lililoporomoka kabisa pale Nairobi liliitwa Ufundi. Lilikuwa mali ya chama cha akiba na mikopo. Michango ya wanachama, shilingi kwa shilingi kama hii yetu, ndiyo iliyojenga nyumba ile. Leo kiwanja cha ubalozi, pale jirani yake, ni bustani ya kumbukumbu. Tulipolisoma hilo kwenye kikao, mweka hazina wetu alinyamaza muda mrefu, kisha akaliangalia sanduku.

Tuje kwetu sasa.

Mwaka wa nne wa kikundi alikuja mtu mmoja, mwanamume, mpole, amevaa vizuri, akipitia kwa mwanachama mmoja. Alitaka kuweka shilingi milioni nane kwenye sanduku letu kwa jina la yule mwanachama. Baada ya miezi sita azichukue, na faida yote atuachie. Jina lake lisiandikwe. Ndugu zetu, tulikaa vikao vitatu. Wapo waliosema ni riziki, Mungu hateremki mwenyewe kuleta. Wapo waliosema fedha isiyo na jina ina mwenyewe. Tulitukanana, na wawili walisusa wakakaa mwezi mzima bila kuja. Mwishoni tulipiga kura, tukakataa kwa tofauti ya kura mbili. Mpaka leo hatujui alikuwa nani. Pengine alikuwa anamficha mkewe tu, basi. (Kicheko.) Lakini tungeulizwa na Serikali fedha hizi ni za nani, tungejibu nini? Vikundi kama hiki sasa vinatambuliwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, vimewekwa daraja la nne. Kutambuliwa ni heshima, na heshima ina daftari lake.

Ni vivyo hivyo na laini za simu. Tangu usajili wa alama za vidole uanze mwaka 2019, kuna watu wanawaomba wamama na vijana wawasajilie laini kwa shilingi elfu mbili, elfu tatu. Kidole ni chako, jina ni lako, simu anapiga mwingine. Kwa kawaida laini hizo ni za matapeli wa “ile hela tuma kwa namba hii”. Lakini anayekununulia kidole hakwambii anakwenda kukifanyia nini.

Hayo tuliyoyafanya vizuri tumeyasema kwa sauti kubwa. Sasa tuseme tuliyoyafanya vibaya.

Mwaka 2017 mtakumbuka mauaji ya Kibiti, Rufiji na Mkuranga. Polisi waliuawa, viongozi wa vijiji na vitongoji waliuawa majumbani kwao. Watu wengine walihama, na wachache wao walifika hapa kwetu. Katika mwezi mmoja wa mwaka huo alipanga hapa mtaani mama kijana mwenye mtoto mchanga. Alivaa nikabu. Hakuwa msemaji. Alipoulizwa ametoka wapi alijibu “huko Pwani,” basi. Alikuja kuomba kujiunga na kikundi, ana elfu kumi yake mkononi ya kiingilio.

Tulimkataa. Hatukumwomba barua ya serikali ya mtaa, hatukumwuliza mdhamini, hatukumwuliza chochote. Tulimkataa kwa nguo yake na kwa huko alikotoka. Wala hatukuishia hapo. Kibarazani tulisema, bombani tulisema, na maneno yakamfikia mwenye nyumba, naye akamwambia atafute pengine. Alibeba godoro lake kwenye bajaji, na sisi tulisimama tukitazama.

Baada ya mwaka ndipo tulipojua. Baba yake alikuwa mwenyekiti wa kitongoji, naye ni mmoja wa wale waliouawa. Alikimbia usiku na mtoto. Kule nyumbani aliwakimbia wauaji, na alipofika huku sisi tulimfanya yeye ndiye muuaji. Wanachama wanne walimfuata Mbagala kumwomba radhi. Aliwakaribisha, akawapa chai, akasema amesamehe. Kurudi kwetu hakurudi, wala hatukuwa na uso wa kumshawishi.

Mtasema, hilo ni kosa la adabu, usalama wa taifa unaingilia wapi? Sikilizeni.

Mwenzetu mmoja alikuwa na kijana wa miaka kumi na tisa. Mwaka 2019 kijana alibadilika. Aliacha mpira, akaacha marafiki, simu haimtoki mkononi. Akaanza kumwambia mama yake kwamba kuna kazi kusini, ng'ambo ya Ruvuma, mshahara mzuri, nauli inalipwa. Nyote mnajua kusini ng'ambo ya Ruvuma kuna nini. Cabo Delgado vita ilianza Oktoba 2017 kwa kushambuliwa mji wa Mocímboa da Praia, na vijana kutoka nchi yetu wamo miongoni mwa walioshawishiwa kwenda. Oktoba 2020 watu hao walivuka mto wakashambulia kijiji cha Kitaya, Mtwara.

Mama yule aliona. Mama hakosi kuona. Lakini hakumwambia mtu. Kila Alhamisi alikaa na sisi, ananunua hisa zake, anaitikia, anacheka, na moyoni anaungua. Kijana aliondoka. Ilipita miezi minne ndipo mama akatueleza, tena baada ya kuanguka kwa presha. Tulipomwuliza, “Mwenzetu, kwa nini hukusema mapema?” alitujibu, “Niliona mlivyomfanya yule wa nikabu.”

Hatukuwa na jibu. Hata leo hatunalo.

Huyu mama yuko hapa leo, amekaa nasi, na ametupa ruhusa tuyaseme haya bila kutaja jina. Kijana hajapatikana. Tulimsindikiza kwenda kutoa taarifa, tukapokewa vizuri, lakini miezi minne ni mingi.

Basi, ndugu zetu, wale wanaoua raia wanahitaji vitu viwili kutoka kwetu. Wanahitaji tusiulize mahali pa kuuliza: nyumba, fedha, laini, gari. Na wanahitaji tushuku mahali pasipostahili: nguo, kabila, dini, lafudhi. Sisi tuliwapa hicho cha pili bure kabisa.

Wapo waliowanyima. Tarehe 22 Novemba 2014, karibu na Mandera kule Kenya, magaidi walisimamisha basi wakawatenga abiria wasio Waislamu, wakawaua 28. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 21 Desemba 2015, walisimamisha basi jingine upande huo huo, wakaamuru vile vile. Safari hii abiria Waislamu walikataa kutengana na wenzao. Wakawaambia wawaue wote au wawaache wote. Na akina mama wa Kiislamu walikuwa wamekwisha kuvua mitandio yao wakawafunika wenzao wa Kikristo, hapo hapo ndani ya basi, kwa sekunde chache, bila semina wala posho. Watu wawili waliuawa siku ile. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Lakini basi lile halikuwa kama lile la kwanza, na tofauti yake ilikuwa ni mtandio.

Sisi hatujafikishwa kwenye mtihani wa namna ile, na tunaomba tusifikishwe. Mitihani yetu ni midogo. Tumebadilisha katiba ya kikundi. Anayetaka kujiunga, awe wa baibui, wa kitenge au wa suruali, awe shemeji wa katibu, analeta barua ya serikali ya mtaa na wadhamini wawili, na maswali ni yale yale. Hakuna hisa kwa jina la mwingine. Wenzetu wenye vyumba vya kupangisha, na mko wengi, tumekubaliana mpangaji aandikishwe serikali ya mtaa wiki ya kwanza, hata akilipa kodi ya mwaka mzima. Hasa akilipa ya mwaka mzima! Wapo wanaosema mjumbe wa nyumba kumi ni wa chama fulani, hawaendi kwake. Haya, msiende. Ofisi ya mtaa ni ya wote, na haina kadi mlangoni.

Jambo moja bado tunabishana nalo hatujalimaliza. Mama akiona mwanawe anabadilika, akimwambia nani? Wengine wanaogopa polisi watamchukua mtoto moja kwa moja. Wengine wanasema heri akamatwe akiwa hai. Ndugu Mgeni Rasmi, tunakuomba utusaidie hapo. Tunataka kujua afisa gani mama anaweza kukaa naye, mtoto akiwa bado hajafanya lolote, bila kutoka pale na aibu ya mtaa mzima. Tumeandika barua mara mbili, na nakala tumeiambatanisha na risala.

Kwa sasa tumechagua wanachama wawili, watu wazima, wasio na mdomo. Ukiwa na jambo la nyumbani kwako nenda kwao usiku, wataandamana nawe kesho yake popote itakapobidi. Mmoja wa hao wawili ni yule mama. Aliomba mwenyewe. Amesema mlango wake hauna komeo mpaka saa sita, kwa sababu hata hivyo halali mapema.