Mwenyeji Wako Nani? Madereva, Uchangamfu na Malalamiko ya Wageni Jambiani



Kuna kauli nimeisikia mjini, nimeisikia Dar es Salaam, na inaniuma zaidi ninapoisikia kwa wasomi. Inasema watu wa Kusini Unguja ndivyo walivyo. Madereva wao hawamjali abiria. Wenyeji wao hawamchangamkii mtu. Mgeni akihamia Jambiani, awe ametoka Arusha, Nairobi au Milano, atamaliza mwaka bila kukaribishwa hata kikombe cha chai. Kisha hutolewa sababu: hawa ni watu wa maweni, wameishi juu ya mawe mpaka mawe yakawaingia moyoni. Leo nataka kuibomoa kauli hii, na nitachukua muda wangu. Historia ya utalii wa pwani ya mashariki, sera ya ardhi na mjadala wa Uhadimu na Ushirazi mnaijua. Naipita, niende barabarani.

Gari ya Jambiani, namba 309, hutoka mjini imejaa watu, na juu ya paa kuna magunia ya mchele, mabati, pengine na godoro la bwana harusi. Inapita Tunguu, inaingia Jozani kwenye matuta yaliyowekwa kwa sababu kima punju walikuwa wakigongwa, inafika Kitogani, halafu Paje, ndipo inashika njia ya kusini. Kati ya vituo husimama pasipo kituo. Konda anashuka na mfuko wa dawa, anaupeleka mpaka mlangoni, anaulizwa hali za watu wa mjini, anajibu moja moja, anapewa pesa na bibi mmoja za kumnunulia betri za redio kesho, anarudi. Mgeni aliyebanwa kwenye benchi, begi magotini, anatazama saa. Kwake huo ni uzembe. Hajui kwamba amepanda posta ya kijiji kizima.

Jioni mgeni huyo huyo atalalamikia gari nyingine, Noah ya watalii iliyompita mbio karibu na skuli. Sasa madereva wa Kusini wamekuwa watu wa mbio wasioogopa roho za watoto. Tuchague basi: wazito au wa mbio? Wenye kauli wanayashika yote mawili, na tabia ya kuzaliwa haiwezi kwenda pande mbili kwa siku moja.

Namjua kijana wa Jambiani, mtoto wa jirani ya shangazi yangu, aliyeendesha gari ya abiria kabla ya kuchukuliwa kwenye gari ya watalii. Kwenye gari ya abiria alikuwa na hesabu ya kumpelekea tajiri kila jioni, na hesabu hiyo ilitegemea kina mama wenye vikapu. Asiposimama kwa bibi leo, kesho bibi atangoja gari ya mwenzake. Kwenye Noah analipwa kwa safari, ndege ya uwanja wa Abeid Amani Karume haimsubiri mtu, na abiria wake hatamwona tena. Shangazi alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, huyu mtoto wamemharibu." Nilimwambia hajaharibika. Kilichogeuka ni nani anamlipa na anamlipia nini. Mama yake ni yule yule, na maweni alikozaliwa ni kule kule.

Wanaotaka ushahidi wa vitabuni nao wapo. Mwaka 1981 mwanasaikolojia wa Sweden, Ola Svenson, aliwataka madereva wa Marekani na wa Sweden wajilinganishe na wenzao. Asilimia 93 ya Wamarekani na asilimia 69 ya Waswidi walijiweka katika nusu ya wenye ustadi zaidi. Hivyo ndivyo tulivyo sote nyuma ya usukani: anayejua kuendesha ni mimi, na kosa ni la mwengine. Mwaka 2005 jarida la Science likachapisha kazi ya Antonio Terracciano na wenzake katika tamaduni 49. Walichukua sifa ambazo watu husema taifa lao linazo, wakaziweka kando ya tabia za watu waliopimwa mmoja mmoja. Hazikuoana. Ikiwa sifa ya taifa zima haisimami mbele ya kipimo, sembuse ya wilaya.

Sasa uchangamfu. Wanaosema wanawake wa Jambiani ni baridi, nawauliza: siku mliyofika, maji yalikuwaje? Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, Paje na Jambiani, na tangu hapo kazi ya mwanamke wa huku inafuata bamvua. Mwezi unapoandama na unapopevuka, bahari hukupwa ikaenda mbali kuelekea mwambani. Kwa saa chache hizo kuna vigingi vya kupigilia, kamba za kukaza, mwani wa kufungwa kipande kwa kipande huku mgongo umeinama, na uliokomaa wa kuvunwa na kubebwa hadi pwani ukichuruzika maji. Maji yakianza kujaa hayarudi nyuma kwa ajili ya maamkizi. Mgeni anakuja na kamera yake, anasema "Jambo", anaitikiwa kwa mkato, anahitimisha kwamba hawa si watu wa watu. Angekuja siku za maji mafu, baada ya alasiri, akakuta kina mama wanasuka ukili au wanapiga makumbi ya usumba, angeulizwa maswali mpaka achoke: umeoa, una watoto wangapi, mama yako yu hai, na kwa nini umemwacha peke yake.

Kauli hii ina baba yake, na ni haki tumtaje. Maofisa wa utawala wa Kiingereza walilalamika kwamba Wahadimu, yaani watu hawa hawa wa Kusini, hawapendi kazi, kwa kuwa hawakutaka kuwa vibarua wa kudumu katika mashamba ya karafuu. Wahadimu walikuwa na kazi zao: uvuvi, chokaa, kamba, muhogo na mtama kwenye vipande vya udongo kati ya mawe. Msimu wa karafuu wengi walikwenda kuchuma, wakapokea pesa, wakarudi kwao. Mwandishi wa ripoti alitafuta kibarua, akamkosa, akaandika tabia. Waliokwenda kutazama kwa subira, R. H. W. Pakenham aliyeandika juu ya ardhi ya Chwaka mwaka 1947 na John Middleton mwaka 1961, walikuta miji yenye utaratibu wake wa nani anakaa wapi na kwa idhini ya nani.

Hapo kwenye idhini ndipo nataka tukae. Shahidi wangu mkuu wa pwani hii, ninayemrudia kila mwaka na wanafunzi, ni msafiri Ibn Battuta. Mwaka 1331 alifika Mogadishu akiwa njiani kwenda Mombasa na Kilwa. Meli ilipotia nanga, anasema, zilikuja mashua ndogo zenye vijana, kila mmoja ameshika sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana alimkabidhi mfanyabiashara mmoja sahani yake akasema: huyu ni mgeni wangu. Tangu hapo mgeni hakwenda ila nyumba ya kijana yule. Yeye ndiye aliyemuuzia mali na kumnunulia, na aliyemlalia mgeni kwa bei ya chini mno, au akamuuzia kitu mwenyeji wake hayupo, biashara yake ilihesabiwa batili. Walipoambiwa kwamba Ibn Battuta si mfanyabiashara bali ni mwanachuoni, wakasema basi huyu ni mgeni wa kadhi, na kadhi akaja pwani na wanafunzi wake kumpokea. Sultani akampelekea tambuu, popoo na maji ya mawaridi ya Damascus. Akalishwa wali wa samli, kuku, nyama, samaki, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu na ya pilipili, tangawizi mbichi na maembe, mara tatu kwa siku.

Watu hupenda kuinukuu habari hii kwa ajili ya wali. Mimi naisoma kwa ajili ya biashara iliyobatilishwa. Mji ule haukumwacha mgeni ajaribu bahati yake na tabasamu za watu. Ulimpa mtu wa kumjibia, na ukamlinda mgeni hata dhidi ya wenyeji wenyewe. Mogadishu si Jambiani, na karne saba ni nyingi. Lakini utaratibu huo wazee mlioketi hapa mmeukuta: mtu akiingia mjini aliulizwa amefikia kwa nani, na jibu lake ndilo lililofungua milango.

Nisiwaonee wanaolalamika. Bei mbili sokoni zipo. Bodaboda wanaokata mbio kati ya watoto wapo, na wanaua. Mtu wa Bara anayetupiwa jina la kumdhalilisha mbele ya watu halalamikii bamvua. Analalamikia dhulma, na aibu ni yetu. Hata hivyo, kila nikiyapima malalamiko haya narudi pale pale. Aliyepandishiwa bei hakuwa na mtu wa kumwambia pweza anauzwaje. Aliyetukanwa hakuwa na mtu wa kusimama akasema, huyu ni wangu. Kijana wa Mbeya anaajiriwa hotelini, anawekwa chumba cha kupanga nyuma ya kijiji, anakwenda kwa sheha kwa sababu ya karatasi, na hakuna nyumba hata moja Jambiani inayomjua kwa jina la baba yake. Mzungu aliyejenga ufukweni ana mkataba, ana ukuta na ana mlinzi, mwenyeji hana. Wote wawili wataniambia watu wa hapa ni wagumu, na wote wawili nitawauliza: mlifikia kwa nani?

Kwa hiyo nawaomba masheha na wenye hoteli jambo moja la kufanywa. Mfanyakazi mpya, kabla ya kupewa sare, apelekwe kwenye nyumba moja ya kijiji, akae, ale, ajulikane. Najua mtauliza mwenyeji atapata nini. Kijana wa Mogadishu naye hakubeba sahani kwa mapenzi tu. Biashara ya mgeni ilipita mikononi mwake. Mwenyeji wa Jambiani atapata mteja wa duka la nduguye, na mtu wa kumuulizia mwanawe kazi hotelini. Na mgeni huyo akivunja heshima ya mji, kuna mlango wa kubisha. Sheha tayari ana kitabu cha kuandikia anayehamia. Ninachoomba ni kwamba pembeni mwa jina la mgeni liandikwe jina la mwenyeji wake, na mwenyeji atie saini.